Hodi ya Jirani

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Sitanii. Nililipwa mshahara wa serikali, nikapewa kiti cha ofisini chenye magurudumu, vipokea sauti vya kuziba masikio yote mawili, na mlango wenye kibao: MSIKILIZAJI. Wimbo wowote uliotaka kupigwa redioni au jukwaani ulipitia kwangu kwanza. Ukiwa na adabu niliugongea muhuri wa kijani, ukiwa na mdomo mrefu niliugongea mwekundu, kisha nikaenda kunywa chai. Siku moja mwalimu wa mwanangu aliwauliza watoto darasani baba zao wanafanya kazi gani. Wangu akasema baba yake hukaa kutwa anasikiliza muziki. Mwalimu alimrudisha nyumbani na ujumbe wa kunipa moyo, kwamba nisikate tamaa, ajira zitapatikana tu.

Halafu akaja Jirani.

Jirani hakuleta wimbo ofisini kuomba muhuri. Nyimbo zake zilitembea zenyewe, kutoka simu hadi simu, na hazikuwa na picha, wala jina la studio, wala namba ya kupiga. Kila wimbo ulianza vilevile: ngo ngo ngo juu ya mbao, kisha sauti nzito, kavu, isiyo na haraka, ikisema, "Hodi, jirani." Ndipo watu wakampa jina hilo, maana lake halisi hakuna aliyelijua. Kisha alianza kufoka, mashairi juu ya biti:

Hodi jirani, leo sikuja kukopa chumvi,
Nimekuja kuuliza bomba letu lina nini,
Mwezi mzima linakohoa, halitoi hata tone,
Na bustani ya mkubwa inaogeshwa sote tuone.

Sasa ngoja niseme jambo kuhusu watu wanaofoka, kwa sababu mimi ni mtaalamu na sipendi kubishiwa. Wapo wengi wanaofoka siasa chini chini, huko vichochoroni, na nimewasikiliza wote. Wanapenda maneno makubwa: mfumo, minyororo, mapambano, ukombozi wa fikra. Wanakasirika kweli kweli, mishipa ya shingo unaisikia hata kwenye vipokea sauti, na mimi nilikuwa nasinzia nao huku nimeshika muhuri mwekundu. Jirani hakuwa na neno kubwa hata moja. Alikuwa na bomba. Alikuwa na foleni ya zahanati, na taa ya barabarani inayowaka mchana na kuzimika watu wanapotoka kazini. Wala hakutukana mtu. Alibisha hodi, akauliza, akanyamaza ili ujibu mwenyewe.

Watu walimpenda kupita maelezo. Mwenye bucha aliacha kisu hewani mpaka ubeti uishe, na wateja hawakulalamika kwa sababu nao walikuwa wanasikiliza. Kwenye foleni ya benki mtu alianza mstari wa kwanza kwa kunong'ona, wa nyuma yake akamalizia, na mlinzi akajifanya hasikii huku kiatu chake kinapiga biti sakafuni. Kila mmoja aliamini Jirani anakaa mtaa wake, kwa sababu bomba lililokuwa likikohoa lilikuwa la kila mtu.

Mkuu wangu wa kazi, ambaye tulimwita Mkuu na yeye alipenda iwe hivyo, aliingia chumbani mwangu akafunga mlango kwa nyuma.

"Angetukana ningejua la kufanya," akasema. "Tusi lina kifungu chake cha sheria. Sasa swali nitalishtaki kwa kifungu gani?"

"Ni gumu, Mkuu."

"Kwa hiyo namtaka mtu mwenyewe. Wewe ndiye mwenye masikio. Sikiliza mpaka umjue: umri wake, tabia yake, anakaa na nani. Niletee maelezo ambayo askari akiyashika mkononi anaweza kumtambua mtu barabarani."

Alipotoka alikuwa anauimba ule wimbo wa bomba puani, bila kujijua.

Nikasikiliza. Kwa kweli nilisikiliza kuliko kazi ilivyodai. Nilianza kufika ofisini mapema, mimi ambaye sikuwahi kufika mapema hata kwenye harusi yangu. Nikipita barabarani nikawa naitazama ile taa, na kweli ilikuwa inawaka mchana kweupe. Nimepita chini yake miaka yote nikidhani nguzo zote ni nguzo tu. Nikaanza kupata hasira, kitu kigeni kwangu, maana ofisini kwetu hasira ilianzia ngazi ya Mkuu kwenda juu. Nilikuwa natafuta mhalifu na badala yake nimepata msanii ninayempenda, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Wimbo wa tatu ulipotoka, biti yake ilikuwa ngeni. Taka-taka-taka, kisha kwikwi ndogo, tk, kisha taka-taka-taka tena. Nilifumba macho ili niisikie vizuri. Nikaona pazia la bluu. Nikaona kitanda changu, na nikajisikia usingizi mtamu wa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nikajiuliza hii ni akili gani. Halafu nikafumbua macho, nikavua vipokea sauti.

Ile ilikuwa cherehani. Na kwikwi yake niliijua kwa sababu niliitengeneza kwa mikono yangu: mkanda ulikatika, nikauunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na tangu hapo kila kiungo kikipita kwenye gurudumu, cherehani inajikwaa kidogo. Duniani ipo cherehani moja tu yenye kwikwi ile. Iko sebuleni kwangu, na anayeikanyaga ni mama mkwe.

Inabidi niwaeleze huyu mama mkwe. Ni mwembamba, mjane, ana miwani iliyofungwa mguu mmoja kwa uzi, na kutwa kinywa chake kimejaa pini, kwa hiyo wageni hudhani haongei. Ana sauti nzito kuliko yangu. Akipokea simu watu humwambia, "Shikamoo mzee," naye hukata bila kuitikia. Alihamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki, akaweka cherehani yake dirishani, na tangu siku hiyo mimi na yeye tumeheshimiana mpaka tukashindwa kuzungumza. Mimi sikutaka kumkosea mama wa mke wangu. Yeye hakutaka ionekane anamtawala mwenye nyumba. Basi kila neno likawa linapitia kwa mke wangu, hata kama mimi na mama mkwe tumekaa magoti yanakaribia kugusana na mke wangu yuko jikoni. "Mwambie mumeo koti lake limechanika kwapani." "Mwambie mama ahsante, nalivua." Na mke wangu kutoka jikoni: "Mmesikia?"

Jioni ile, watoto walipomaliza kula na kutoka nje, nilikohoa kidogo.

"Mama watoto," nikasema, "mwambie mama kwamba kazini wanamtafuta huyu Jirani kwa udi na uvumba."

Mke wangu ni muuguzi, hashtuki ovyo. Akageuka. "Mama, baba watoto anasema kazini wanamtafuta Jirani."

"Mwulize wakimpata watamfanya nini."

"Mama anauliza wakimpata watamfanya nini."

"Mwambie sijui. Mwambie pia biti ya wimbo wa tatu nimeitambua."

Vijiko vikasimama. Mama mkwe akamtazama mke wangu, mke wangu akaitazama sahani yake, na hapo nikaelewa jambo la pili kabla sijamaliza kulimeza la kwanza.

"Na anayeshika simu wakati wa kurekodi ni nani?" nikauliza, safari hii moja kwa moja kwa mhusika.

"Ni siku zangu za mapumziko tu," akasema mke wangu. "Tunajifunika blanketi sauti isipige mwangwi. Joto lake usiulize."

"Na hamkuniambia."

"Wewe ni serikali, mume wangu. Tungekuambia kwa barua au kwa mdomo?"

Mama mkwe akasogeza bakuli katikati ya meza. "Mwambie mumeo aongeze mchuzi, chakula kinapoa."

Sikulala vizuri, lakini kesho yake niliandika taarifa nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Niliandika kwamba mwimbaji ni mwanamume, kijana bado. Sauti yake imekwaruzwa na sigara. Anaishi peke yake, pengine nyuma ya mahali anapofanyia kazi, na kuna msichana aliyemwacha hivi karibuni. Hili la msichana niliongeza kwa ladha tu. Mkuu alisoma mara mbili, akanishika bega, akasema masikio kama yangu hayapatikani dukani. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Mezani nikamwomba mke wangu amweleze mama kwamba mambo yamekwisha, awe na amani, maana kuanzia sasa wanamtafuta kijana mvutaji sigara. Niliyarudia maelezo yote kwa kichwa. Nilitegemea shukrani, na ikiwezekana kipande cha nyama cha ziada.

Mama mkwe akaweka kijiko chini.

"Mwulize mumeo hiyo sigara nilivuta lini."

"Mwambie mama ni kwa ajili ya kumlinda."

"Mwambie nimeitwa mzee na watu wa simu. Nimeitwa bwana na karani wa benki. Kuna daktari alinipima bila kuinua uso, akaniuliza mke wangu yuko wapi. Miaka yote hiyo. Nikakaa nikatafuta kitu kimoja cha kusema kwa sauti hii hii aliyonipa Mungu, nikakisema, na watu wakasikia. Sasa mumeo amekichukua, amempa mwanamume." Akainuka, akakunja kitambaa chake. "Na huyo msichana aliyeniacha, mwambie akamtafute mwenyewe."

Mke wangu alinigeukia ili anifikishie.

"Nimesikia," nikasema.

Wimbo wa nne ulitoka wiki ile ile. Niliupata kwa mfagizi wa ofisi, aliyekuja kunipigia kwenye simu yake huku anajizuia kucheka.

Yupo mtu mjini analipwa kusikiliza,
Likipita la kweli, yeye analipitiliza.
Sauti yangu ina mvi, kaivika kofia ya kijana,
Nikijitafuta humo ndani, mimi na mimi hatujaonana.

Mji mzima ulicheka. Dereva wa ofisi alinisalimia kwa kushika masikio yake mawili. Mkuu peke yake hakuona la kuchekesha. "Hii habari ya mvi ni mbinu," akasema. "Anajifanya mzee ili tumwonee huruma. Kijana mjanja sana huyu." Mimi nilijifungia chumbani na kuusikiliza tena na tena. Nilikuwa na aibu mpaka masikio yanawaka, na wakati huo huo nilikuwa na fahari, kwa sababu ulikuwa wimbo wake bora kuliko zote na ulikuwa unanihusu mimi.

Tatizo ni kwamba ile taarifa yangu ilikuwa imeota miguu. Ilitoka kwa askari ikafika sokoni, ikafika kwa kinyozi mmoja aliyejulikana kama Wembe. Huyu Wembe alikuwa kijana. Alivuta sigara mpaka sauti ikawa kama ya mlango usiotiwa mafuta. Alilala nyuma ya duka lake la kunyolea, na mchumba wake alikuwa ameondoka na fundi redio. Sikuwahi kumwona maishani, lakini nilikuwa nimemchora mzima mzima mpaka kovu la moyo.

Wateja wakaanza kumwambia, "Ni wewe, usitufiche." Mwanzoni Wembe alikataa. Halafu akaona kwamba akikataa huku anatabasamu nusu, foleni ya kunyoa inafika barabarani. Akawa anakataa hivyo. Jumamosi moja, duka limejaa, mtu akamuuliza mbele ya watu, na Wembe akazima mashine, akapuliza nywele kwenye kitana, akasema, "Sisemi ndiyo, sisemi hapana." Jumatatu askari wakamkamata.

Huko ndani alisema hapana. Aliisema kwa kila namna, lakini hakuna aliyemsadiki, maana mji mzima ulishamsikia siku ambayo hakukataa. Wakamwambia afoke wimbo wa bomba, akaufoka wote bila kukosea. Hilo likawa ushahidi.

Jioni ile mezani hakuna aliyemtuma mtu. Mke wangu alisema peke yake, "Mtoto wa watu yuko ndani kwa sababu ya sigara ulizoziandika wewe." Mama mkwe hakumaliza chakula. Mimi nilimaliza changu, lakini sikujua nimekula nini. Nilikuwa nawaza kwamba nikisema kweli nampeleka mama mkwe mahali pa Wembe, na nikinyamaza Wembe anabaki, na katika hali zote mbili mwenye kosa ni mimi na nitaendelea kukaa kwenye kiti changu cha ofisini.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa ofisini kwa Mkuu: Mkuu mwenyewe nyuma ya meza, mimi pembeni na faili, karani wake, askari mmoja, na Wembe, ndevu zimemwota ovyo, ameletwa kutia saini hati ya kukiri waliyomwandikia wao. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amenikosea wapi. Mlango ukagongwa.

"Hodi," ikasema sauti.

Karani akadondosha kalamu. Mama mkwe akaingia na gauni lake la kwendea misibani na harusini, mkoba kwapani, miwani imesafishwa.

"Jirani ni mimi," akasema. "Mwachieni huyo."

Mkuu alicheka, lakini kwa heshima. "Karibu mama. Kaa kwanza upumue. Karani, mletee mama maji."

"Sina kiu."

"Mama yangu, Jirani ni kijana wa kiume. Tunayo taarifa ya mtaalamu hapa." Akanionyesha kwa kidole. Mama mkwe hakunitazama.

Alisimama katikati ya chumba akaufoka wimbo wa bomba, kuanzia hodi mpaka mwisho. Sauti ni ile ile, mimi nilisisimka mpaka shingoni. Mkuu akatikisa kichwa kwa upole. "Mama, huo hata dereva wangu anaujua. Mke wangu anaoshea vyombo. Mwangalie askari huyo, alikuwa anakufuata kwa midomo." Askari akafunga mdomo. Sipendi kumsifu Mkuu, lakini hoja yake ilikuwa nzito: siku hizo kujua nyimbo za Jirani hakukuthibitisha chochote ila kwamba una masikio.

Mama mkwe akafikiri. "Basi sikilizeni ambao haujatoka."

Akapiga meza ya Mkuu kwa kidole chenye kastabini, kile kikofia cha chuma cha washonaji, akaanza:

Mkubwa amenenepa, suruali imekataa,
Nimeachia mshono wote, kimebaki kitambaa.
Sare za watoto wa shule, jirani, zanishangaza,
Kila muhula ninapima, kila muhula napunguza.

Mkuu alivuta tumbo ndani. Karani alikuwa ameacha kuandika. Mimi huu wimbo nilikuwa naujua, maana kitanda changu kimeegemea ukuta wa sebule, na kwa siku nyingi nilikuwa nimeusikia ukitungwa chini ya mlio wa cherehani, mstari ukiwekwa, ukifumuliwa, ukiwekwa tena. Nilijua mstari unaofuata. Nikausubiri.

Haukuja. Mama mkwe alikwama, kidole hewani. Kabla ya siku ile hakuwahi kufoka mbele ya watu; amezoea blanketi, giza, na binti yake. Niliona mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu taratibu, unatafuta cherehani. Alijaribu kurudia mstari wa mwisho ili apate mwendo. "Kila muhula ninapima," akasema. Akanyamaza tena. Mkuu akaanza kutabasamu, tabasamu la huruma, na lile tabasamu lilikuwa baya kuliko kumfukuza.

"Si kitu, mama," akasema. "Umejaribu. Una moyo mzuri, unamsaidia kijana wa watu."

Wembe akainamisha kichwa. Mama mkwe alikuwa amekuja kusema jina lake na sasa anapewa pole ya kuwa bibi mwema. Uso wake ulikuwa umeshuka namna ambayo sijawahi kuiona, hata msibani. Mimi niliogopa. Niliwaza mshahara, niliwaza watoto, niliwaza kile kiti. Nilikaa kimya muda ambao nikiukumbuka najisikia vibaya hadi leo. Kisha nikasikia mtu anafoka, sauti nyembamba, ya kiofisi, bila biti yoyote:

"Mama mmoja kaning'ang'ania mkono, machozi akiyameza, akasema:
Fundi, acha nafasi kiunoni, mwakani atakula vyema."

Alikuwa ni mimi.

Karani alitoa leso. Mkuu alinigeukia polepole. "Wewe hayo umeyajuaje?"

"Ameyatunga upande wa pili wa ukuta wangu, Mkuu. Ni mama mkwe wangu. Ile taarifa niliibuni, na huyu kinyozi sijawahi kumwona kabla ya leo."

Mama mkwe akanitazama. Hakumtafuta mke wangu kwa macho, hakumtuma mtu.

"Umeruka mstari," akaniambia. "Kabla ya mama kuna mwalimu mkuu."

"Samahani, mama."

Mkuu alishika kichwa kwa mikono miwili. Nilimwona akipiga hesabu za makao makuu: ripoti inafika kule, inasomwa kwa sauti, na wakubwa wanaambiwa aliyeisumbua ofisi nzima miezi yote hii ni bibi mwenye kastabini. Akainua uso akiwa mtu mwingine, laini kabisa. "Tufanye hivi," akasema. "Mama, nenda nyumbani. Kinyozi, nenda kanyoe watu. Mimi leo sikuona mtu hapa."

Wembe alikuwa ameshafika mlangoni. Mama mkwe alivuta kiti akakaa.

"Umeniona," akasema. "Andika."

"Mama, nikiandika itabidi nikupige marufuku kuimba hadharani."

"Nipige. Lakini kwanza andika. Mwanamke. Mjane. Fundi wa nguo. Hajawahi kuvuta sigara."

Mkuu akaandika. Nilikuwa namwona anavyokandamiza kalamu. Mama mkwe akainama juu ya meza, akayasoma yote pole pole kwa miwani yake ya uzi, akamwambia kwenye "fundi" aongeze "hodari," naye akaongeza. Mimi nikaambiwa nikabidhi vipokea sauti kwa karani, na kwamba kuanzia wiki ijayo nitaripoti idara ya makaburi.

Tulitoka pamoja, mimi nyuma yake hatua kidogo, kama nilivyozoea. Njia ilikuwa ndefu na mke wangu alikuwa zamu, kwa hiyo hapakuwa na wa kutupitishia maneno. Tulipita bucha, tukapita benki. Mwenye bucha alikuwa ameweka wimbo wa nne kwa sauti ya juu, ule unaonisema, na mama mkwe alipita mbele yake bila kugeuza shingo.

"Kwa hiyo ulikuwa unanisikiliza ukutani," akasema, akiwa bado ananipa mgongo.

"Kila siku, mama."

"Na hukusema neno."

"Sikujua nimtume nani."

Akatembea kidogo. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, na kwa kiwango chetu yalikuwa tayari marefu mno. Halafu akasimama akanigeukia, mkoba kifuani.

"Ule ubeti wa pili wa wimbo wa sare unauonaje? Sema kweli."

Miaka yote nimelipwa kusikiliza, na hakuna mwimbaji hata mmoja aliyewahi kuniuliza hivyo. Huyu alikuwa mama wa mke wangu, na ametoka kusimama peke yake mbele ya askari.

"Umelegea, mama," nikasema.

Alinitazama, pini hazipo mdomoni, hakuna cha kumzuia.

"Nilijua," akasema. "Umelegea wapi?"

Tukasogea kando ya barabara kupisha watu, nikaanza kumweleza.